Makumbusho Yapi?

Jamaa yangu wa Kyerwa aliuza kahawa, akaniagiza nimpangishie binti yake chumba Dar es Salaam, karibu na kazi yake mpya Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa. Dalali akaapa: "Kipo Makumbusho, mzee!" Nikalipa kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja ya dalali. Kumbe ni Kijitonyama, penye Kijiji cha Makumbusho, kilomita kama kumi kutoka kazini! Kosa langu, sikuuliza yapi.

Lakini kwa nini anayelipwa kila mwezi adaiwe kodi ya nusu mwaka? Tungelipa ya mwezi mmoja, tungehama. Sasa binti anaamka saa kumi na moja alfajiri kugombea daladala, na kahawa haivunwi hadi msimu ujao.