Mnofu wa Kifua kwa Uso Uliojeruhiwa

Umeenea miongoni mwa wapasuaji msimamo kwamba kuziba pengo la shavu au taya kwa mnofu wa kifua ni mbinu iliyopitwa na wakati, na kwamba daktari asiye na hadubini ya upasuaji hana budi kumpeleka mgonjwa kwenye kituo kilicho nayo. Msimamo huo haufai kupokewa kabla ya kupimwa kwa mazingira ya Kamango, katika eneo la Beni mashariki mwa Kongo, ambako nyuso huharibiwa kwa risasi na panga.

Ni kweli kwamba kipande huru, yaani ngozi na mnofu vinavyokatwa kabisa mkononi au pajani na kuunganishiwa mishipa shingoni chini ya hadubini, hukaa vizuri zaidi usoni, na katika vituo vikubwa hufaulu kwa zaidi ya asilimia 95. Hata hivyo, damu ikiganda kwenye mshipa wenye upana wa milimita 2 au 3, zimebaki saa chache tu za kukiokoa kipande hicho, ndiyo maana muuguzi hukikagua usiku kucha, akikigusa kupima joto na kukichoma kwa sindano ili aone kama damu itokayo ni nyekundu au imekuwa nyeusi, huku wapasuaji wakiwa tayari kurudi kazini. Mafanikio hayo, basi, ni ya wodi nzima, na hadubini peke yake haiyaleti.

Kwa mnofu wa kifua, makala ya mpasuaji Stephan Ariyan ya mwaka 1979 yangali mwalimu bora. Humo mpasuaji huchora mstari kutoka ncha ya bega hadi chini ya mfupa wa kidari, kisha mwingine ushukao kutoka katikati ya mtulinga. Mistari hiyo inapokutana, ndipo ateri ya msuli mkubwa wa kifua inapoanza kuufuata mstari wa kwanza. Msuli huinuliwa pamoja na kipande cha ngozi, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo, na hufikishwa usoni bila ateri yake kukatwa, mara nyingi kwa upasuaji mmoja.

Kasoro za mnofu huu hazifichiki: uzito wake huuvuta uso chini, nao haufiki kwa urahisi juu ya mfupa wa shavu, hupotosha umbo la titi, na huweza kupunguza nguvu ya bega la mkulima. Lakini rufaa inahitaji barabara iliyo salama, na Julai 2013 shambulio dhidi ya Kamango liliwafanya watu zaidi ya 60,000 kukimbilia Bundibugyo, Uganda. Kwa hiyo mwanafunzi wa upasuaji mjini Butembo, jirani na Beni, anapaswa kuumudu msuli wa kifua kwanza, na hadubini ifuate pale wodi itakapoweza kukesha nayo.