Sumu ya Mti na Njia ya Kuifikisha

(Mazungumzo mbele ya walimu na wanachuo wa misitu, Olmotonyi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya dawa za saratani zitokanazo na mimea, na ufundi mpya wa kuzifikisha pale penye ugonjwa. Mimi si tabibu. Nitaanza na kisa cha jirani zetu, kwa kuwa kinawahusu watu wa misitu hata kuliko watu wa hospitali.

Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Morris Kupchan, walitangaza kwamba ndani ya mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia wamepata sumu waliyoiita maitansini, iliyoua chembe za saratani kwa kipimo kidogo mno. Ilihitajika kwa wingi. Basi mwaka 1976 zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa katika Vilima vya Shimba, Kenya. Ilipotakiwa tena miaka minne baadaye, wavunaji walipata taabu, maana miti ilikuwa haijachipua vya kutosha. Na wagonjwa je? Sumu ile, ilipotiwa katika damu ya binadamu, haikuchagua adui. Ilishambulia matumbo na mishipa ya fahamu, na majaribio yakaachwa.

Nguvu ya mti ilikuwapo, ndugu zangu. Njia ndiyo iliyokosekana.

Njia hiyo ilipatikana baadaye. Sumu ilifungwa kwenye kingamwili, yaani protini inayotambua alama iliyo juu ya chembe za aina fulani ya saratani ya matiti. Kingamwili hujishika kwenye alama hiyo, humezwa na chembe pamoja na mzigo wake, na sumu hufunguliwa huko ndani. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Lakini haitengenezwi kwa miti ya Shimba! Sumu ya ukoo huohuo iligunduliwa mwaka 1977 katika bakteria, nao ndio wanaokuzwa katika matangi ya viwanda. Wenye elimu ya kutenganisha na kufungasha ndio waliobaki na dawa. Shimba ilibaki na visiki.

Ufundi wa pili ni wa chembechembe zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Paklitakseli, iliyopatikana kwanza katika magome ya mti wa Amerika ya Kaskazini, haiyeyuki vema katika maji, na kiyeyusho chake cha zamani kiliwadhuru baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2005 iliidhinishwa kwa umbo jipya: imefungamanishwa na albumini, protini ya damu, katika chembe za nanometa 130 hivi. Mishipa inayolisha uvimbe huwa mara nyingi na matundu, na humo chembe hupenya. Wapo waliotangaza kuwa hii ni risasi isiyokosa shabaha. Hayo ni maneno ya wachuuzi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, uliokusanya majaribio ya miaka kumi juu ya wanyama, ulionyesha kwamba kwa kawaida hata asilimia moja ya chembe zilizodungwa haifiki kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na bandama.

Nayasema haya katika mkoa ambao mwaka 2011 maelfu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha mugariga kwa shilingi 500, wengine wakiwa wameacha matibabu ya hospitali. Sikuja kumbeza mtu. Mgonjwa aliyekata tamaa hachekwi. Lakini mwalimu akiulizwa na wanafunzi wake, awaambie waulize: kipimo ni kipi, kinafika wapi, na njiani kinaharibu nini? Kikombe hakikuwa na jibu.

Katika misitu ya Meru mnao Prunus africana, ambao magome yake hununuliwa ng'ambo kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume usio saratani, na ambao biashara yake ya kimataifa ina udhibiti tangu mwaka 1995. Upande wa pili wa mji, Tengeru, ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Ombi langu kwenu ni dogo. Gome lolote litakalotoka mlima huu kwenda maabara, ya hapa au ya ng'ambo, liandikwe jina la mti, mahali ulipo, tarehe, uzito, na nani amelichukua. Na nakala ya daftari hilo ibaki hapa chuoni.