Ya Ngapi kwa Ukubwa, ya Ngapi kwa Kugunduliwa? Mhadhara juu ya Namba Tasa za Mersenne

Ukiipandisha 2 kwenye kipeo 3, 5 au 7, kisha ukatoa 1, unapata 7, 31 na 127, na zote ni namba tasa. Kipeo 11 kinakupa 2047, yaani 23 mara 89, kwa hiyo hicho kimeanguka. Namba tasa za namna hii huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, na kufikia Oktoba 2024 zilikuwa zimejulikana 52. Hoja yangu leo ni hii: kusema kwamba mojawapo ni tasa ni dai jepesi likilinganishwa na kusema kwamba ni ya 30 au ya 48. Dai la kwanza linahusu namba moja. La pili linahusu kila kipeo kilicho chini yake, na linataka tuthibitishe kwamba huko hakuna iliyosahauliwa. Ndiyo maana zamu ya kugunduliwa na zamu ya ukubwa zimepishana mara kwa mara.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo hadi 257. Aliweka 67 na 257, ambavyo havifai, akaacha 61, 89 na 107, ambavyo vinafaa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kipeo 127, namba yenye tarakimu 39, kwa njia isiyohitaji kutafuta vigawo. Kipeo 61 kilimngoja kasisi Mrusi Ivan Pervushin hadi 1883. 89 kikapatikana 1911 na 107 mwaka 1914, vyote viwili kwa kazi ya Mmarekani Powers. Kubwa kuliko zote ilitangulia, na ndogo tatu zikafuata nyuma yake kwa muda wa miaka 38. Sidhani ni bahati tupu: 127 kilikuwa kwenye orodha ya mtawa, vile vitatu havikuwamo, na mtafutaji huanzia alikoelekezwa.

Hapa mtu atanipinga kwamba hayo ni mambo ya enzi ya kalamu na karatasi, na kwamba tangu kompyuta zianze kazi hii namba hizi zimekuja kwa kupanda, ndogo kwanza. Ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini tuulize sababu. Jaribio la Lucas, lililoboreshwa na Lehmer, hudai hatua za kuzidisha zinazokaribia kipeo chenyewe kwa idadi, na kila hatua hushughulikia namba ndefu kadiri ya kipeo hicho. Kipeo kikiongezeka maradufu, kazi huzidi angalau mara nne. Watu hupanda kutoka chini kwa sababu chini ni rahisi. Mpangilio huo umeletwa na gharama, na gharama ikibadilika au mtu akiruka, unavunjika. David Slowinski alipata kipeo 132049 mwaka 1983 na 216091 mwaka 1985. Mwaka 1988 Colquitt na Welsh wakarudi nyuma na kukuta 110503 kimekaa pale pale. Aliyekiita 132049 cha 29 mwaka 1987 alikosea, ingawa namba yake ilikuwa tasa bila shaka yoyote.

Mfano wa 2008 ni bora zaidi. Kulikuwa na tuzo ya dola 100,000 kwa namba tasa ya kwanza kufikisha tarakimu milioni kumi, na wanaojitolea katika mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, waliweza kuchagua kuanzia huko juu. Tarehe 23 Agosti kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA ikatoa kipeo 43112609. Wiki mbili baadaye, Ujerumani, kikatoka 37156667, ambacho nacho kina tarakimu zaidi ya milioni kumi. Kisha mwaka 2009, Norway, kikapatikana 42643801. Hicho cha mwisho kiliripotiwa kwenye seva mwezi Aprili na hakuna aliyekiona hadi Juni. Sasa tarehe ya ugunduzi ni ipi, ya mashine au ya mwenye macho? Swali hilo lilikwisha kuulizwa mwaka 1961, Alexander Hurwitz alipopata 4253 na 4423 kwa mkupuo mmoja na kusoma kikubwa kabla ya kidogo.

Je, hatuwezi kukisia palipopungua? Yapo makadirio kwamba kati ya kipeo chochote na maradufu yake tutarajie, kwa wastani, namba 1.78 hivi. Lakini kati ya 216091 na 756839, umbali wa zaidi ya mara tatu na nusu, hakuna hata moja, ilhali kati ya milioni 37 na milioni 44 zimebanana tatu. Pengo halithibitishi kitu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwishowe kila namba hupata nafasi yake. Nakubali, ila kwa kazi ipi? Mashine yenye hitilafu inaweza kuitangaza namba tasa kuwa si tasa, kwa hiyo hesabu hurudiwa na mashine nyingine. Kipeo 57885161 kilipatikana Januari 2013; kuhakikishwa kwamba ni cha 48 kulingoja Oktoba 2021. Siku hizi hesabu huweza kuambatana na cheti kinachokaguliwa kwa kazi ndogo, na kungoja kutapungua. Hata hivyo kipeo 136279841 cha Oktoba 2024, chenye tarakimu 41,024,320, kilitangazwa kuwa cha 52 kati ya vinavyojulikana. Maneno hayo matatu ya mwisho hayapaswi kufutwa mpaka kila kipeo kilicho chini yake kikaguliwe.