Kufikirika: Nani Atolewe Kafara?



Huenda baadhi yenu mnashangaa kwamba Tume ya Haki na Amani imechagua kuzungumza juu ya hadithi za kubuni. Vijana wetu hapa Kigamboni husoma vitabu hivi kwa ajili ya mitihani. Nasi wazazi tukiviona mezani twadhani ni ngano za wafalme na majini tu. Tuvitazame upya pamoja nao.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alituachia hadithi tatu za nchi zisizoonekana katika ramani yoyote. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, nchi yetu ikiwa bado chini ya Waingereza na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali yao. Adili na Nduguze ilifuata mwaka 1952. Ya mwisho, Kufikirika, ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Yeye hakuzifunga pamoja, lakini zikisomwa kwa mfuatano huo zinatupandisha ngazi tatu za haki.

Ngazi ya kwanza ni haki ya kusikilizwa. Karama wa Kusadikika anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi, wakarudi nayo, wakalipwa kifungo. Ngazi ya pili ni msamaha: ndugu wawili wa Adili, waliogeuzwa manyani kwa husuda na usaliti wao, wanaombewa na kurudishiwa ubinadamu.

Ngazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Mfalme wa Kufikirika ana mali na nguvu, lakini hana mtoto. Waganga wa kila namna wanaitwa. Mtoto anapatikana, na pamoja naye linakuja sharti la kutisha: ili apone maradhi, watolewe kafara watu wawili, mmoja mjinga na mmoja mwerevu.

Tuone jinsi dhuluma inavyovaa vazi zuri. Wanaodai damu wanataja mapenzi ya mzazi na usalama wa taifa. Tena tuangalie ni nani wanaochaguliwa: mjinga, ambaye hana wa kumtetea, na mwerevu, ambaye maswali yake huwasumbua wakubwa. Utubusara, aliyekuwa mwalimu wa mtoto huyo, anaipinga hukumu hiyo kwa silaha moja tu, nayo ni hoja.

Je, haya ni ya kufikirika tu? Katika nchi yetu ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa sababu mganga alimwahidi mtu utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo, mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa mkoani Kagera. Marufuku haitoshi iwapo moyoni bado twaamini kwamba uhai wa mmoja unaweza kununua heri ya mwingine.

Zipo pia kafara zisizomwaga damu. Mwaka 2008 Kigamboni ilipotangazwa kuwa eneo la mji mpya, wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao. Wengi walikaa miaka wakingoja fidia, nyumba zikiwa nusu. Mji huo haukujengwa kama ulivyochorwa. Kupanga mji ni jambo jema, na tusilifananishe na kuua. Lakini swali la Utubusara linabaki palepale: anayebeba gharama aliulizwa?

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Nyumbani mwetu, ni nani anayekatishwa masomo ili mwingine asome? Je, msichana wa kazi naye ni mtoto wa mtu?
2. Mradi unapoletwa mtaani, ni nani anayealikwa kusema, na ni nani anayepelekewa taarifa tu?
3. Mwenye kuuliza maswali katika vikao vyetu tunamwitaje: mwenye busara au mkorofi?

Majibu yenu yaandikwe, yaletwe katika kikao kijacho cha Tume. Vijana waliosoma vitabu hivi wapewe nafasi ya kusema kwanza.