Kaboni Inapoota Juu ya Metali: Adui wa Kiwanda Aliyegeuka Malighafi



Hoja yangu jioni ya leo ni moja: maarifa yanayozuia uharibifu ndiyo hayo hayo yanayozalisha bidhaa. Ushahidi wangu ni kitu kidogo mno, uzi wa kaboni unaoota juu ya chembe ya metali.

Kipenyo cha uzi huo ni nanomita kumi hivi hadi mia kadhaa. Unywele wa binadamu hufika nanomita 80,000. Uzi hupatikana kwa kupitisha gesi yenye kaboni, kama methani, asetilini au kaboni monoksidi, juu ya chembe za chuma, nikeli au kobalti zenye joto kali, mara nyingi kati ya sentigredi 400 na 700. Methani ikigusa nikeli huvunjika: hidrojeni huondoka, kaboni hubaki. Kaboni hiyo hujipanga tabaka juu ya tabaka kama ilivyo kwenye grafiti, na uzi hurefuka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1889 Hughes na Chambers walipewa hataza nchini Marekani kwa kuotesha nyuzi za kaboni ndani ya chombo cha chuma. Lakini kwa miongo mingi viwanda viliyajua maoteo haya kama balaa. Chukueni mbolea inayotengenezwa kwa amonia. Sehemu kubwa ya amonia duniani hutengenezwa kwa hidrojeni inayotokana na gesi asilia, ambayo hupitishwa pamoja na mvuke kwenye mabomba yaliyojaa punje za kichocheo chenye nikeli. Mvuke ukipungua, nyuzi huota ndani ya vitundu vya punje. Zina nguvu ya kuipasua punje. Unga wake huziba bomba, gesi hukosa njia, sehemu iliyozibwa hupata joto kupita kiasi, na bomba huweza kupasuka.

Ili kumshinda adui huyu, ilibidi kwanza aonekane akifanya kazi. Mwaka 1972, R. T. K. Baker na wenzake katika kituo cha nishati ya atomiki cha Harwell, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuingiza asetilini ndani ya hadubini ya elektroni na kutazama nikeli ikiotesha uzi papo hapo. Walipima kasi ya kukua kwa viwango mbalimbali vya joto, wakakuta nishati inayohitajika inakaribiana sana na ile inayohitajika ili kaboni ipenye ndani ya nikeli. Maelezo yao yakawa haya: gesi huvunjika upande mmoja wa chembe, kaboni huyeyuka ndani ya metali, hupenya, kisha hutokea upande wa pili ikiwa grafiti. Uzi unavyorefuka, huisukuma chembe na kuibeba kwenye ncha yake.

Mwaka 2004, Stig Helveg wa kampuni ya Haldor Topsøe, Denmark, na wenzake walitazama kwa karibu zaidi, hadi ngazi ya atomu. Chembe ya nikeli, ikiwa bado ngumu, haikuwa imeyeyuka, ilijinyoosha huku tabaka za kaboni zikijipanga ubavuni mwake. Ilipofika kikomo ilijikunja ghafla na kuwa duara, kisha ikaanza kunyooka upya. Kaboni ilijishikiza kwenye vingazi vya atomu, yaani kingo ndogo kama za ngazi, vilivyo juu ya uso wa nikeli, navyo vingazi vilizaliwa na kutoweka bila kukoma. Ikabainika kwamba uso wa chembe una sehemu kubwa zaidi katika kazi hii kuliko ilivyodhaniwa.

Hapo ndipo kuzuia uharibifu na kuzalisha bidhaa vinapokutana. Atomu za dhahabu au salfa zikikalia vingazi hivyo, kaboni hukosa mahali pa kuanzia. Kwa njia hii kichocheo cha kiwanda hulindwa. Anayetaka nyuzi huviacha vingazi wazi, kisha hutunza mizani ya kasi mbili: kasi ya kaboni kufika, na kasi ya kaboni kuondoka kwenda kwenye uzi. Kaboni ikifika haraka kuliko inavyoondoka, hujenga gamba juu ya chembe na kuizika. Ndiyo sababu methani mara nyingi huchanganywa na hidrojeni, ambayo husaidia kuusafisha uso wa metali.

Kazi ya maabara ya kuotesha nyuzi hizi si ya kutisha. Poda nyeupe ya alumina hulowekwa katika maji ya kijani ya nikeli nitreti, hukaushwa, huchomwa, kisha hidrojeni huondoa oksijeni na kuacha chembe za nikeli. Methani ikipita kwa saa kadhaa, poda iliyokuwa kiasi cha kufunika kitako cha chombo huumuka na kukijaza, nyeusi na nyepesi. Gramu moja ya nikeli huweza kuotesha makumi ya gramu za kaboni, na katika hali nzuri hata mamia.

Pamoja na nyuzi, methani inayovunjika hutoa hidrojeni. Kila kilo moja ya hidrojeni inayotolewa hivi huacha kilo tatu za kaboni ngumu. Njia ya mvuke, kwa hesabu ya kemia pekee, hutoa kilo 5.5 za kaboni dioksidi kwa kiasi hicho hicho. Kazi ngumu imebaki: metali hunasa ndani ya nyuzi, na kuitoa ni gharama. Aidha, vumbi la nyuzi hizi linaweza kudhuru mapafu. Mwaka 2013 taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza kikomo cha mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa ya kazini. Usalama uanze siku ya kwanza ya utafiti, usisubiri bidhaa ifike sokoni.

Hapa Tanzania, gesi asilia ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara. Kwa hiyo kemia hii inatuhusu. Naomba vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vinunue hadubini za elektroni kwa pamoja, viajiri mafundi wa kuzitunza, na vifungue milango kwa watafiti wa kila nchi. Nanyi wanafunzi, kichocheo kikichoka msikitupe kabla ya kukichunguza. Viwanda vilitupa punje zilizopasuka kwa miaka mingi, na ndani yake mlikuwa na malighafi mpya.