Mimi Najua Samaki

Maneno yaliyosemwa Mtoni, Unguja, mbele ya watu wa mitaa na walimu, juu ya kuwasaidia wasio na kazi wajitafutie riziki

Ndugu zetu, wazee wetu, na ninyi walimu mliotoka mashamba kuja kutusikiliza,

Tumeombwa tuseme habari ya watu wasio na kazi: vijana waliokwisha maliza skuli na vyeti vyao vimo sandukuni, wajane, watu wenye vilema, na wale waliokuwa na kazi jana na leo hawanayo. Tumeambiwa tuseme jinsi ya kuwasaidia wajaribu kazi ya kujiajiri, yaani kazi ambayo mtu ndiye tajiri na yeye huyo ndiye kibarua. Basi hatukuja kama wajuzi. Tulikosea kwanza, nasi tutawaeleza kosa letu bila kulificha, maana twadhani litawafaa kuliko ujuzi wetu.

Lakini kwanza tutazame mahali tulipo. Si mbali na hapa yako magofu ya kasri ya Sayyid Said bin Sultan. Bibi Salme binti Said alizaliwa humo mwaka wa 1844, naye ametuandikia jinsi nyumba ile ilivyokuwa imejaa watu, mamia kwa mamia, wakubwa na wadogo, waungwana na watumwa, na wote wakila kwa mkono wa mtu mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mashamba ya karafuu pia. Soko la watumwa lilifungwa mwaka wa 1873, na sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ikatoka mwaka wa 1897. Watu wakawa huru. Walakini uhuru haukuja na jembe, wala kiwanja, wala mnunuzi. Wengi walibaki katika mashamba yale yale wakichuma karafuu kwa ujira, wengine wakawa wachukuzi mjini, wengine wavuvi na wachuuzi. Walianza kujitafutia riziki pasipo mtu wa kuwaonyesha njia, na wajukuu wao ndio sisi.

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka wa 1864, iliona shida hiyo mapema. Mwaka wa 1871 ilinunua shamba la Mbweni, na tangu 1874 ikawakalisha huko watu waliotolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza. Wakapewa vijumba na viwanja vya kulima. Baadhi yao wakafundishwa uashi na useremala, na vijana wa Kiungani wakafundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Oktoba 1876 Askofu Steere akawaongoza wengine mpaka Masasi, wakaanze kijiji chao wenyewe.

Tena kuna habari husimuliwa juu ya Kanisa Kuu la Mkunazini, nanyi nyote mmeisikia. Askofu alisafiri, na mafundi, watu waliokuwa watumwa jana, wakasimamisha nguzo kichwa chini. Aliporudi hakuziondoa. Wageni wakionyeshwa nguzo zile hucheka. Sisi tukizitazama twawaza jambo jingine: kwamba palikuwa na mtu aliyekubali mafundi wake wakosee katika kazi kubwa, mbele ya macho ya watu, na bado akawaacha waendelee kuwa mafundi. Ni wachache wawezao kufanya hivyo. Sisi hatukuweza.

Hili ndilo kosa letu. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni wasije, mahoteli ya kisiwa hiki yalifungwa. Wapishi, watandika vitanda, wabeba mizigo na madereva wakarudi makwao. Katika mtaa wetu tukaona huruma, tukachanga fedha, tukanunua vyerehani vinne, tukawapa wanawake wanne. Siku ya kuvitoa palikuwa na nyimbo, na picha zikapigwa. Tukaenda zetu nyumbani tumeridhika.

Baada ya mwaka tukaenda kutazama. Kimoja kilikuwa uvunguni kimeshika kutu. Cha pili kilishona nguo za watoto wa nyumba ile tu. Cha tatu kilifanya kazi kweli, lakini mwenyewe alikuwa mshonaji tangu zamani, angalifanya kazi hata bila sisi. Cha nne hakikuwapo, kilikuwa kimeuzwa. Tukamwita yule mama barazani, tukamwambia maneno makali, na mmoja wetu akamtolea methali, Mtegemea cha nduguye hufa maskini. (Methali hiyo huwapendeza sana watu waliokwisha kula.) Naye akasikiliza mpaka mwisho, akatujibu kwa adabu:

“Shikamooni wazee wangu. Mtoto aliugua, nikauza. Lakini hata asingeugua ningeuza, maana mlinipa cherehani wala hamkuniuliza kama najua kushona. Mimi sijui kushona. Mimi najua samaki.”

Mama yake alikuwa mkaanga samaki, na bibi yake kadhalika. Fedha iliyobaki baada ya kulipa dawa alinunulia karai na vibua, akaenda Malindi alfajiri mashua zinapoingia, na jioni akakaa kando ya njia akikaanga. Alikuwa akifanya hivyo kwa miezi mitano, karibu na nyumba zetu, nasi tulipita tukanunua samaki wake tusijue kwamba ndicho cherehani chetu.

Ndugu zetu, tangu siku ile tumebadili desturi. Hatutoi kitu kabla ya kuketi na mtu na kumsikiliza. Twamwuliza ajua nini, alilelewa katika kazi gani, nani angenunua kwake, na saa ngapi ya siku watu hao hupita. Maswali hayo yaonekana mepesi, lakini kijana mmoja alitujia akitaka duka la simu kwa kuwa rafiki yake analo, na tulipokwisha kuzungumza ikaonekana kwamba tangu utoto wake huwatengenezea majirani baiskeli bure. Hakujua kuwa ile ni kazi, kwa sababu hakuna aliyempa fedha kwa ajili yake.

Kisha twamwambia ajaribu kidogo kwanza. Aazime karai, asinunue. Auze majuma mawili, aone. Ikimshinda, amepoteza majuma mawili, si kiwanja cha baba yake. Nasi twamwahidi mapema kwamba ikimshinda hatutamwita barazani.

Jambo lisumbualo sana ni hesabu. Chukueni maandazi, maana kila mwanamke asiye na kazi huambiwa apike maandazi. Tuseme amenunua unga kilo 2 kwa shilingi 4,000, sukari 800, mafuta 2,500, mkaa 1,500, nazi na iliki 1,200 (na andazi lisilo na iliki ni donge la unga tu). Jumla ni shilingi 10,000. Akapata maandazi 70, akauza kila moja shilingi 200. Hiyo ni 14,000, na faida 4,000. Vizuri. Lakini watoto wa nyumbani wamekula 6, na jirani wamechukua 10 kwa maneno ya “nitakupa kesho.” Mkononi zimeingia 10,800. Faida ni shilingi 800, na mama ameamka saa tisa ya usiku. Asipoandika hataiona habari hii. Atasema tu kwamba biashara haina baraka. Akiandika, ataona kwamba mkate wa biashara hauna kasoro, kasoro ni ule mlango ulio wazi kati ya biashara na nyumba. Si lazima awanyime watoto. Ahesabu chao tangu asubuhi, akiweke mbali.

Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi walimu. Mtu mzima huona haya kurudi skuli, lakini haoni haya kuja na daftari lake jioni, mkaketi kwenye mkeka, mkajumlisha pamoja. Wala asiyejua kusoma msimwache. Kinyasini, huko Kaskazini, kina mama wasio na kisomo wamefundishwa kufunga na kutengeneza taa za umeme wa jua, wakijifunza kwa rangi na kwa mikono yao. Asiyejua kuandika na aweke kokwa katika vikopo viwili, kimoja cha fedha iliyoingia na kimoja cha iliyotoka.

Tena iko hatari nyingine, nayo twaiona katika mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka wa 1989 katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, huenda kufunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandazwa kati ya mambo. Kwa kazi hiyo wengi wamesomesha watoto na kuezeka nyumba mabati, tusiidharau. Lakini kamba zilitoka kwa mnunuzi, na bei ilitoka kwake pia. Kwa miaka mingi kilo ya mwani mkavu ilikuwa kwa shilingi mia chache tu. Halafu bahari ikazidi joto, na ile aina ya kotonii yenye bei nzuri ikaanza kufa, wakabaki na spinosamu yenye bei ndogo. Mtu aliyejiajiri, lakini ana mnunuzi mmoja tu na hawezi kumkatalia, je, amejiajiri? Sisi twaona bado yu nusu kibarua, tena kibarua asiye na hakika ya mshahara.

Walioiona njia ya kutoka ni wanawake wenyewe pamoja na wataalamu waliokaa nao. Tangu 2006 Dkt. Flower Msuya amewakusanya wakulima, wanunuzi na watu wa elimu, na vikundi vya wanawake vikajifunza kusaga mwani kuwa unga na kuutia katika sabuni. Mche mmoja wa sabuni hutumia mwani kidogo sana, na bei yake huishinda ile ya kilo nzima ya mwani mkavu. Tena sabuni aweza kuiuza kwa mgeni, kwa jirani, au dukani, akachagua.

Juu ya mtaji, iko njia ya sanduku. Shirika la CARE liliianzisha Niger mwaka wa 1991, Afrika ya Magharibi, na hapa Unguja ikashika mizizi kwanza vijijini karibu na msitu wa Jozani. Watu kumi na tano mpaka thelathini wanaojuana huweka akiba kila juma katika sanduku la kufuli tatu, na funguo tatu zashikwa na watu watatu mbalimbali, na mwenye sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila mtu ana kitabu chake, na hisa zake hupigwa muhuri mbele ya wote. Katika fedha hiyo hukopeshana, na mwaka ukiisha hugawana. Kuna na mfuko mdogo wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Laiti yule mama angalikuwa na mfuko huo, mtoto alipougua! Wenzetu Waislamu hawataki riba, na katika kikundi tunachokianza wamo wengi, kwa kuwa samaki na unga havina dini. Basi tumekubaliana kila akopaye arudishe kile kile alichokopa. Akikua, aendelee kwa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Na atakaye ufundi, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni.

Twataka kusema na neno moja lisilopendeza. Si kila mtu afaa kujiajiri, wala si haki kumsukuma. Yuko kijana ambaye mshahara wa kila mwezi utamfaa kuliko meza ya biashara. Tumsaidie kutafuta mshahara. Yuko mgonjwa ahitajiye chakula leo. Na mzee aliyetimiza miaka 70 haki yake ni pencheni jamii, ambayo Serikali ya Zanzibar imekuwa ikiitoa tangu Aprili 2016. Tusimpe mzee huyo chano cha karanga tukasema tumemsaidia. Wako wazee wasioandikishwa kwa kuwa hawana wa kuwapeleka. Hiyo nayo ni kazi, tena haina gharama illa nauli ya daladala.

Sasa habari ya sanduku letu. Seremala amekwisha lifanya, nalo ni la mvule, zito kidogo. Kufuli mbili zimepatikana, ya tatu bado. Mkutano wa kwanza utakuwa Jumamosi saa kumi alasiri chini ya mwembe, si asubuhi kama tulivyotangaza, maana wauza samaki wamesema asubuhi wao wako Malindi. Ufunguo mmoja tulimpa yule mama aliyeuza cherehani. Kwanza alikataa, akisema hataki maneno ya watu. Jana akatuma mtoto wake kuuchukua.