Kisasi Huambukiza



Katika Mwanzo sura ya 4, Kaini alimwua mtu mmoja. Lameki, wa uzao wake, akajisifu kwamba kisasi chake ni mara sabini na saba. Jeuri ile iliambukiza.

Daktari mmoja Mmarekani, Gary Slutkin, aliliona jambo hilo katika kazi yake. Alikuwa amepigana na kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi huko Somalia. Aliporudi kwao mwaka 1995 alikuta vijana wakiuana kwa bunduki, akatambua kuwa mauaji nayo huenea kama kipindupindu: moja huzaa jingine. Mwaka 2000 alianza kazi katika mtaa wa West Garfield Park, mjini Chicago. Baadaye walitumwa wenyeji, hata waliowahi kufungwa, wawaendee waliojeruhiwa na waliofiwa na kuwatuliza kabla hawajalipiza.

Ndugu, kipindupindu kikiingia kijijini hatungoji wote waugue. Mbona kisasi twakingoja? Kwenye matanga vijana hunong'onezana nyuma ya nyumba, nasi twaendelea na chai yetu. Inuka, mama, inuka, mzee wa kanisa. Nenda ukaketi nao usiku huo huo, maana kesho daktari ataletewa maiti ya pili.

Petro alipouliza kiasi cha kusamehe, Bwana Yesu alimpa hesabu kubwa kuliko ya Lameki. Hiyo ndiyo dawa. Lakini dawa haimfikii mgonjwa isipopelekwa.